Mkalimani wa Kamati ya Watoto

Atiir alijua lugha nne, na kwa muda mrefu alidhani hiyo ni baraka. Alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Kakuma. Mwaka 2012 madiwani waliunda kamati ya kuchunguza kwa nini watoto wa vijijini wanakosa tiba ambayo wa mjini wanaipata, na namna ya kuwasaidia walioumizwa mioyo na wezi wa mifugo. Walipomtaka awe mkalimani wao, hakusita. Alishona hata gauni jipya.

Kikao cha kwanza kilifanyika Lodwar, katika ukumbi wa hoteli. Aliletwa Nabei, msichana wa miaka tisa kutoka upande wa Lokori, ambaye mama yake aliuawa kisimani mbele ya macho yake. Sasa aliishi Kakuma kwa shangazi yake. Usingizi ulikuwa umemhama, na akisikia pikipiki alijikojolea.

"Muulize aliona nini," alisema Kipkemboi, katibu wa kamati.

Nabei akaeleza kwa sauti ndogo, Atiir akatafsiri. Waheshimiwa wakaguna kwa huzuni, kisha wakaenda kula mbuzi.

Wiki mbili baadaye Nabei aliulizwa yale yale, kwa kuwa walikuja wageni wapya. Mheshimiwa mmoja, akichokonoa meno, alimkatiza: "Hapo kwa damu arudie. Mwandishi hajapata." Atiir alihisi mate machungu yakimjaa kinywani. Lakini alitafsiri. Ndilo lililokuja kumchefua kuliko yote, kwamba alitafsiri.

Kikao cha tatu kilikuwa Kakuma, na safari hii alikuwepo mpiga picha. Nabei alianza hata kabla hajaulizwa, mfululizo, kama anayekariri somo. Alipofika kwa mama yake alinyamaza, akawatazama wale watu wazima, akingoja wagune.

Nao wakaguna.

"Anasemaje?" aliuliza Kipkemboi.

"Sitafsiri."

"Madam, tunakusanya ushahidi. Bila ushahidi hatuwezi kupanga kitu."

"Ushahidi mnao tangu Lodwar. Mara tatu mmemchokora huyu mtoto kidonda, na hakuna aliyemletea hata muuguzi. Zahanati ya kijijini kwao ina kufuli tangu mwaka jana. Hilo nalo mnataka mkalimani?"

Mpiga picha akapiga picha. Atiir akamshika Nabei mkono, wakatoka. Hakuitwa tena.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kulikuwa na Ayak, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliyefunzwa kukaa na watoto waliotoka vitani. Watoto wa Kiturkana kama Nabei hawakuwemo kwenye orodha yake. Atiir alimpeleka Nabei kwake, akaeleza mambo yote kwa Kiarabu cha Juba, akitarajia kufukuzwa. Ayak alimtazama msichana, akaifungua orodha yake.

"Dada yangu, mlete Jumanne," alisema. "Nitamtafutia nafasi. Na mwambie hapa hakuna atakayemuuliza kitu."

Jumanne baada ya Jumanne Nabei alifinyanga ng'ombe wa udongo, akawapanga, akawaponda, akawafinyanga upya. Miezi mitatu ilipita hivyo. Asubuhi moja shangazi yake alikuja hadi mlangoni kwa Atiir akihema. "Ejok, ni vyema, mwalimu! Mtoto amelala! Amelala mpaka jua likamwamsha!"

Mwaka 2013 madiwani waliondoka, serikali ya kaunti ikaingia. Atiir alikwenda Lodwar kufuatilia karatasi zake za ualimu, na katika ofisi moja iliyonuka rangi mpya akaona rundo la vitabu mezani. Ilikuwa ripoti ya kamati. Kwenye jalada alikuwa Nabei, macho yamemtoka, kinywa wazi, siku ile ile ya Kakuma. Alifungua ndani. Kuhusu zahanati ya kwao kulikuwa na sentensi moja, kwamba suala hilo lichunguzwe zaidi.

"Chukua nakala, mama," alisema karani kwa ukarimu. "Ziko nyingi, hakuna anayezisoma."

Atiir alizikumbatia zote zilizomwenea kifuani. Karani alicheka, akamfungulia mlango. Atiir alizunguka nyuma ya jengo hadi kwenye choo cha shimo, akazitumbukiza moja baada ya nyingine, huku ameziba pua kwa mtandio.

Alijua nyingine zilikuwa zimeshafika Nairobi. Alinawa mikono mara mbili, akarudi ofisini kuulizia karatasi zake.