Shule Yenye Muhuri wa Mizigo

Mwalimu mkuu ameniomba niandike historia ya shule yetu, ukurasa mmoja tu, itundikwe ukutani karibu na mlango. Anasema kati ya wazazi walioianzisha nimebaki mimi peke yangu, na ni kweli. Nimeandika mara tatu na kuchana mara tatu. Historia ya shule hii ni historia ya muhuri, na muhuri wenyewe ni wangu.

Tulianzia sebuleni kwangu, ghorofa ya nane, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji huu wa Wachina. Tulikuwa wazazi wanne, wote wafanyabiashara, wenye watoto waliomaliza shule ya msingi na hawana pa kwenda. Shule za serikali zilitaka karatasi ambazo hatukuwa nazo, na za kimataifa ada yake ilikuwa ya watoto wa mabalozi. Tukampata kijana wa Kikenya aliyekuja kununua simu, ambaye kwao aliwahi kufundisha. Akafundisha hesabu, biolojia na historia, vyote kwa Kiingereza, watoto wamekalia maboksi ya wateja wangu. Binti yangu alikuwa bado anacheza chini ya meza. Mimi nilikuwa nikimtazama na kusema moyoni, huyu hatarudishwa kwa bibi yake kama watoto wa wenzangu, huyu atasomea mbele ya macho yangu. Nasema mapema ili msomaji ajue wa kumlaumu.

Watoto walipozidi, tukatafuta vyumba mtaa wa Liuhua, juu ya soko la viatu. Mwenye nyumba alipangisha kampuni tu. “Laoban,” aliniambia, maana hapa kila mwenye biashara ni bosi, “shule meiyou. Kampuni sawa.” Meiyou ni hakuna, na ukishaambiwa neno hilo hapa hata ulie utalia peke yako. Lakini kampuni nilikuwa nayo, ya kusafirisha mizigo kwenda Dar na Unguja. Nikatoa muhuri mkobani nikapiga kwenye mkataba. Kwenye karatasi, watoto wale walikuwa stoo yangu.

Mwaka uliofuata mzazi mmoja akahamia Nairobi, akataka barua ya uhamisho ya mwanawe. Yule kijana, ambaye sasa tulimwita mwalimu mkuu, akaiandika vizuri sana, kisha akanigeukia.

“Mama, barua bila muhuri itakataliwa mlangoni. Si unipigie hapo chini, moja tu?”

“Muhuri wa mizigo?”

“Ni Kichina, Mama. Huko nani atasoma?”

Nikacheka, nikapiga. Ule wekundu wake na ile nyota katikati vilipendeza kuliko muhuri wa shule yoyote niliyosoma mimi. Mtoto akapokelewa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika Nairobi, ikafika Lubumbashi, wala haikukwama popote.

Ikawa desturi. Kila mwisho wa mwaka nilikwenda na muhuri wangu, watoto wakapanga foleni na ripoti zao, nami nikipiga nikiwapa mkono mmoja mmoja kama mgeni rasmi. Nilijisikia mtu. Na shule ilikua kwelikweli, hilo nisilidharau. Vyumba vikawa vitano, tukapata hadubini moja, tukashona sare za bluu, na mwalimu mkuu akaanza kuota mvi. Alikwenda ofisi nyingi kuomba kibali cha shule. Kila aliporudi nilimwuliza, naye alijibu kwa neno moja, lile lile la mwenye nyumba.

Binti yangu alisoma hapo miaka minne. Insha zake aliziandika huku watu wa sokoni chini wakivuta selotepu za kufungia maboksi, mlio ule wa kuchanika siku nzima, na bado alikuwa wa kwanza. Nikamtuma Dar kwa dada yangu, aingie kidato cha tano, kisha aje kuwa mfamasia kama alivyotaka tangu mdogo.

Ofisi ya elimu waliyokwenda yeye na dada yangu ilitaka kila karatasi yenye maandishi ya kigeni itafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Mfasiri wa watu akafanya kazi yake kwa uaminifu. Akatafsiri mpaka muhuri. Dada yangu aliniambia yule karani aliisoma ile tafsiri mara mbili, akavua miwani, akamwuliza kwa upole:

“Samahani dada, huyu binti alisoma, au alisafirishwa?”

Watu kwenye foleni wakacheka. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale.

Wamesema aanze na mtihani wa maarifa, ule wa watu ambao hawakupata kukaa darasani, ndipo afanye wa kidato cha nne, ndipo tuzungumze. Ana miaka kumi na nane. Mimi nimehangaika nilivyoweza. Nimempigia karani, nimemtumia picha za daftari zake, za sare, za hadubini. Nimekwenda mpaka kwa wachonga mihuri, wanaoweza kukuchongea neno shule ukiwa unakunywa chai. “Mama, hiyo sasa ni jela,” alisema mwalimu mkuu, na alikuwa anasema kweli. Nilikaa kwenye ngazi za soko la viatu nikalia, watu wakinipita na mizigo yao. Hakuna ninachoweza. Kuuvunja muhuri hakumpi mtoto miaka minne.

Jana asubuhi binti yangu alinipigia, uso wake umejaa kwenye simu. Hakulia wala hakunilaumu, na hapo ndipo aliponimaliza.

“Mama, mizigo ya watu ikichelewa, wewe huwaambiaje?”

“Huwaambia wasubiri, iko njiani.”

“Hata kama haijatoka bandari ya Nansha?”

“Hata kama haijatoka.”

Nyuma yake nilimsikia dada yangu akiosha vyombo.

“Basi niambie na mimi.”

Nikamwambia.