Mjomba Haondoki na Mtoto

Nilimtaka kaka yangu amwombe radhi binti yangu wa miaka minne, na nilitaka afanye hivyo palepale sebuleni kwangu Bigwa, mbele ya mume wangu na mama mkwe. Ukoo mzima umeshanisema kwa hilo, na sina mpango wa kutubu. Naandika ili wanaonisema wajue hasa wananisema kwa lipi.

Yote yalianzia kwenye utani. Nilipojifungua mtoto wa pili, wa kiume, kaka alishuka kutoka milimani anakolima mboga, na mfuko wa njegere na kabichi kubwa kubwa. Akampakata kichanga, akamgeukia binti yangu, akasema, "Huyu wangu. Namfunga mgongoni naondoka naye. Wewe baki na mama yako." Sebule nzima ikaangua kicheko. Binti yangu peke yake hakucheka.

Utani huo kila mtu anaujua. Mgeni anatangaza kwamba anaondoka na kichanga, mkubwa wake analia, watu wanafurahi, chai inaletwa. Lakini kwetu Waluguru mjomba si mgeni hivi hivi tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana neno juu yake. Isitoshe, mtoto wa dada yangu alichukuliwa na kaka huyuhuyu akalelewe milimani, na binti yangu anamfahamu, wamecheza pamoja. Sasa nani angemwambia kwamba mjomba hachukui watoto? Ushahidi alikuwa nao.

Siku zilizofuata kanga zangu zikaanza kupotea. Leo hii, kesho ile, mpaka nikabaki na kitenge nilichovaa. Nilimshuku mpita njia, nikamshuku upepo, nikamshuku hata jirani yangu, Mungu anisamehe. Nikaja kuzikuta zote kwenye banda la kuku, zimesokomezwa nyuma ya kiota, zimechafuliwa na kuku hadi basi. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kwapani.

"Umezileta wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Mjomba akija asipate mbeleko."

Jirani alikuwa ananisikia kutoka upande wa pili wa uzio. "Mchape huyo," akasema, "atakupanda kichwani." Sikumchapa. Nilikaa chini hapohapo kwenye uchafu wa kuku nikampakata, na ndipo mengine yote yakanielea: kwa nini alikuwa amegoma kwenda chekechea, kwa nini alikuwa amerudia kukojoa kitandani, kwa nini nikioga alikaa mlangoni mwa chumba alicholala mdogo wake kama askari wa lindo. Mwalimu alishaniambia mtoto amekuwa mjeuri. Mjeuri! Mtoto alikuwa anafanya kazi ya ulinzi usiku na mchana, hana wa kumpokea.

Nikamwambia kuogopa si kosa, na kwamba akiogopa aje aniambie, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa na wageni. Nikamwambia pia kwamba mjomba alikuwa anatania tu.

"Kutania ni nini?"

"Ni kusema kitu ambacho si cha kweli, ili watu wacheke."

Akafikiri. "Kwa hiyo mjomba ni mwongo?"

Huyu ndiye mtoto tunayemkataza kusema uongo kila siku ya Mungu. Nikaona kwamba maneno yangu peke yake hayatoshi. Aliyemtia hofu ndiye aitoe, kwa mdomo uleule.

Kaka alipokuja tena, binti yangu alimwamkia vizuri, "Shikamoo mjomba," kisha akajisogeza karibu na kichanga. Kaka akaitikia marahaba, akanyoosha mikono. "Haya, leo ndiyo leo. Safari ya milimani." Binti yangu akapiga ukelele, akaung'ang'ania mguu wa suruali yake. Kaka akacheka. "Ana wivu huyu!"

Nikamgeukia. "Kaka, mwambie ulimtisha. Mwambie hutamchukua mdogo wake. Mwombe radhi."

Kicheko kikakatika. "Mimi? Nimpigie magoti mtoto?"

"Sijasema magoti. Nimesema maneno."

"Sisi tulitaniwa hivihivi na tukakua."

"Tulikua, kaka. Na mimi mpaka leo nakumbuka nilivyojificha chini ya kitanda cha bibi, nalia, nawasikia mnacheka nje."

Mama mkwe akainamisha macho. Mume wangu akakohoa, na kikohozi chake hakikumsaidia mtu. Kaka akaisukuma chai, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni mama alinipigia simu. Nimemvunjia kaka yangu heshima. Nimeingiwa na uzungu. Nikamuuliza uzungu uko wapi hapo, kwani mtoto wangu alilia kwa Kizungu? Alilia kwa lugha tuliyomfundisha sisi, kwa ajili ya ndugu yake, ndugu ambaye sisi wenyewe tulimwambia ampende. Mama akakata simu. Nililia kidogo, maana kaka nampenda, kisha nikafua kanga zangu. Njegere bado anatuletea kwa gari la mboga, bila salamu. Tunazila. Akirudi atakaribishwa, na nitamtaka aseme maneno yaleyale.

Usiku ule binti yangu aliniuliza kama nilimgombeza mjomba kwa sababu yake. Nikasema ndiyo. Akalala. Wiki iliyofuata akarudi chekechea.

Juzi akaja bibi mmoja wa mtaa wa juu kumwona mtoto. Kabla hajavua viatu akampungia binti yangu mkono. "Nimekuja kumchukua huyu mdogo wako, nakwenda naye kwangu."

Binti yangu alikuwa anachezea udongo barazani. Hakukimbilia ndani, hakulia, hata udongo hakuuweka chini.

"Shikamoo bibi," alisema. "Utani huo kwetu hatuutaki."

Yule bibi akanitazama, akingoja nimkemee mtoto. Nikamkaribisha kiti.