Vichomeo Vinne

Siku yangu ya kwanza kazini, chef wa servisi, yaani mkuu wa idara, alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Vilikuwa vile vya mahafali, vyeusi, vinang'aa.

"Ingénieur," alisema, "ile biatu ni ya kutumikia ao ya kuzikiwa?"

Wafanyakazi wakacheka. Nikapewa viatu vyenye soli ya mbao, maana sakafu ya kiwanda cha kuyeyusha shaba huunguza mpira. Nilikuwa injinia mpya, nimetoka chuo kikuu hapa hapa Lubumbashi, na maswali yangu yalikuwa mengi kuliko majibu yangu. Wakati ule niliona hiyo ni sifa.

Vijana wengi hawajui tena kazi ile ilivyokuwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Mawe yaliyosagwa yalitufikia kwa treni. Tanuru liliyayeyusha, na kilichokuwa na shaba kilizama chini kwa uzito wake, tulikiita mati. Kilichoelea juu kilikuwa uchafu, na huo ndio uliojenga kilima cheusi ambacho kila mtu mjini anakijua. Mati ilipelekwa kwenye konvertisa, chombo kikubwa kama pipa lililolala, ikapulizwa hewa mpaka ikawa shaba.

Nilianza katika maabara. Chef wa maabara alikuwa mtu wa kunong'ona. Kisha nikapelekwa kwa chef wa konvertisa, ambaye alikuwa mtu wa kupiga kelele, kwa sababu pale hakuna anayesikia. Wote wawili waliandika katika ripoti kwamba nina akili na ninachosha. Mwishowe nikawekwa fumisterie, yaani kwa waashi wa tanuru, na hapo nikamkuta Papa Ngoie.

Alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa waashi. Baba yake alikuja kutoka kaskazini ya Katanga kwa ajili ya reli, yeye akazaliwa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, na jioni alifundisha katekisimu huko huko. Alikuwa mtu mchovu. Sikumbuki kumwona hata siku moja akiwa amelala vya kutosha.

Mimi sikuwa mtu wa kanisa. Jina langu la ubatizo niliacha kulitumia kabla chama tawala hakijatuamuru kuacha majina ya aina hiyo. Serikali ilipoiondoa Noeli katika sikukuu, nilisema mbele ya watu kwamba sasa tumepata siku moja zaidi ya kutoa shaba.

Mwaka ule ule, mvua zilipoanza, tulimaliza kujenga upya ndani ya tanuru letu kubwa. Tanuru jipya haliwashwi kama jiko la makaa. Matofali na udongo wake yameshika maji, na maji hayo lazima yatoke polepole. Tena matofali yenyewe huvimba kwa joto, ndiyo maana kuba la juu hushikwa na vyuma virefu vyenye boulons, yaani bolti, na mtu hupanda kuzilegeza kidogo kidogo kadiri tofali linavyovimba. Ukiharakisha, maji yanageuka mvuke ndani ya tofali, tofali linapasuka, na kuba linaweza kushuka juu ya aliye karibu. Mtu huyo alikuwa Papa Ngoie.

Kwa hiyo tuliwasha vichomeo vya mafuta kimoja baada ya kingine. Juma la kwanza kimoja, la pili viwili, hivyo mpaka vinne. Kwa bahati, kichomeo cha kwanza kiliangukia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kungoja Noeli. Wakatoliki wa kikosi, karibu wote, waliona mara moja: mishumaa minne ya kanisani, vichomeo vinne vya tanuru. Papa Ngoie alifanya ishara ya msalaba, akasema sala fupi ambayo msimamizi wa chama asingeweza kuisikia, akawasha. Jumapili iliyofuata wakafanya tena. Nilisimama pembeni nikitabasamu kwa dharau ya mtu aliyesoma.

"Papa Ngoie," nilimwuliza siku moja chini ya ngazi, "kila mwaka munangojaka nani? Si alishazaliwa?"

"Alishazaliwa, ndiyo."

"Sasa munangoja nini?"

Alikuwa juu na ufunguo mkononi, jasho linamtoka mpaka viwikoni. "Ingénieur, we uliza tu. Mi niko nafungua boulon."

Juma la tatu, chef wa kiwanda alishuka kwetu na mwavuli wake uliolowa. Alisema mkubwa mmoja wa chama anakuja kututembelea, na ni lazima aone shaba ikitoka katika tanuru jipya. Vichomeo vyote viwashwe.

"Citoyen Chef," nilisema, maana chama kilitaka tuitane raia, "kuba halijakauka."

"Kesho asubuhi nitakuta vinne vinawaka."

Nilimwendea Papa Ngoie nikiamini kwamba yeye, mtu wa sala, atapinga, nami nijifiche nyuma yake. Alikaa juu ya rundo la matofali akajifuta uso.

"Mi niko na batoto bengi, ingénieur. Ukisema tuwashe, tutawasha."

"Na boulons?"

"Ntapanda. Nani mwingine atapanda?"

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja zamu ya kesho. Nilirudi nyumbani, nikapita katikati ya watu wa Kamalondo, mafundi cherehani mlangoni, baa zinaanza kupiga muziki, na nikaona kwamba sina mtu wa kujificha nyuma yake. Valvu ya kichomeo cha nne haikufunguliwa bila amri ya ingénieur wa posti, yaani wa zamu. Ingénieur wa posti nilikuwa mimi.

Asubuhi chef wa kiwanda alikuta vitatu.

"Juu ya nini cha ine hakiwake?"

"Tunangoja, Citoyen Chef."

"Munangoja nini?"

"Maji itoke mu matofali."

Akasogea, akatazama kuba. "Maji iko wapi? Mi sione maji."

"Hata mimi siyaoni."

"Universitaire muzima, unangoja kintu hauone?"

Nyuma yangu mtu mmoja wa kikosi alicheka, na nilijua ananicheka mimi, na nilijua kwa nini. Ningependa kuandika kwamba nilitoa jibu zuri. Nilisema, "Ndiyo."

"Toka pale. Ngoie, washa!"

Papa Ngoie alivua glavu zake moja moja, akaziweka juu ya matofali. "Citoyen Chef," alisema, "mi naogopa. Jana sikukuwa na mutu wa kumuambia. Leo ingénieur amekatala, basi na mi nasema: naogopa. Ukiwasha, sipande."

"Atapanda mwingine!"

Akageuka kutazama kikosi. Mmoja alikuwa anachunguza kucha zake. Mwingine alisema taratibu, "Chef, ngazi iko pale." Wengine wakainama ili wasionekane wakicheka. Chef wa kiwanda aliitazama ngazi, akalitazama kuba, akaniambia kwamba nimejiandikia uhamisho kwa mkono wangu, akaondoka.

Yule mkubwa wa chama hakuja. Hatukuambiwa sababu, nasi hatukuuliza.

Kichomeo cha nne kiliwashwa Jumapili yake. Papa Ngoie alisali kama kawaida yake. Nilivua kofia, nikaiambia nafsi yangu kwamba ni kwa sababu ya joto. Mati ya kwanza ilitoka siku ya Noeli yenyewe, siku ya kazi kama nyingine yoyote. Kuba lilisimama. Papa Ngoie alishuka ngazi kwa miguu yake, akapita karibu nami bila kusimama. "Bonne fête, ingénieur." Alinitakia sikukuu njema, hayo tu.

Uhamisho ulikuja kweli. Nilipelekwa kwenye uwanja wa kupokea mabehewa ya mawe, nikakaa huko mpaka nywele zikabadilika. Nilitumikia machef wengine, baadhi wema, na sikupanda cheo tena. Kisha kazi zikapungua, mishahara ikachelewa, nikastaafu bila hotuba.

Vijana wa chuo wakinitembelea hapa mtaani Hewa Bora huniuliza kama siku ile nilipata imani. Siwezi kuwadanganya. Nilikuwa nadhani matumaini ni hali ya moyo ya watu wasiojua mambo. Mimi nilijua, sababu zote za kungoja nilikuwa nazo kichwani, na bado hazikutosha kunisimamisha mbele ya chef wa kiwanda. Kitu kingine kilinisimamisha. Kilitoka wapi? Nimechoka kuuliza, lakini sijaacha. Kila Majilio huwa naenda kanisani Kamalondo, nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo mtu anaweza kutoka.

Papa Ngoie alikufa mzee, kitandani mwake, wajukuu wamejaa chumbani. Mwaka uliopita mjane wake alichelewa misa, akasimama kando ya benchi langu akihema, fimbo mkononi.

"Ingénieur," alininong'oneza, "bado unaulizaka?"

"Bado, mama."

"Haina maneno, si kitu. Sogea kwanza, nikae."

Nikasogea.