Radhi Ambayo Sikuombwa

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na kama angekuwa fundi mbaya nisingekuwa na hasira ya kusimulia. Fundi mbaya unamsamehe kwa sababu humtarajii kitu. Huyu mlango wake uliufunga kwa kidole kimoja, na kabati lake ungelizunguka usione msumari hata mmoja. Kilichonichoma ni kwamba mtu mwenye mikono ile alikuwa na shingo ngumu kupita mbao zake, na kwa shingo ile karibu atupotezee kazi ambayo tungeila miaka.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, wakati wazungu wa bara walipoanza kujenga mahoteli madogo Diani. Mmoja wao alikuwa amekwisha kusimamisha kuta na kuezeka makuti, akawa anatafuta mtu wa kumfanyia kazi ya ndani: milango, vitanda, makabati, na nguo zote za nyumba, yaani mapazia, foronya na vitambaa vya viti. Watu walimwelekeza kwetu Msambweni. Seremala alikuwa mume wangu, mshonaji nilikuwa mimi, kwa cherehani ya mkono niliyoachiwa na marehemu mama. Wakati huo tulikuwa bado hatujapata watoto, na maneno ya watu juu ya hilo nayaacha, maana hasira ya leo inanitosha.

Mkataba tulisomewa barazani kwetu na karani wa yule mzungu, kijana wa pwani kama sisi, shati lake limepigwa pasi mpaka limesimama. Mimi nilikuwa ndani nikipepeta mchele, na nilisikia kila neno. Kwanza kitatengenezwa chumba kimoja cha mfano, na kikikubaliwa, vingine vyote vitafanana nacho. Badiliko lolote litaandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla kazi haijaguswa. Kazi ikiisha itakaguliwa, kisha itakabidhiwa. Baada ya kukabidhiwa, kwa muda wa nusu mwaka, kasoro yoyote itakayojitokeza fundi na watu wake watarudi kuirekebisha. Asiporudi atatafutwa fundi mwingine, na kazi ya nyumba za Galu, iliyokuwa ifuate na iliyokuwa kubwa kuliko hii mara nyingi, haitakuwa yake.

Niliuliza kutoka mle ndani kama hiyo nusu mwaka inahusu na nguo. Karani akajibu kwamba inahusu kila kitu, na kwamba mimi ni katika watu wa fundi. Mume wangu akakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze, akatia sahihi. Nayasema haya ili ijulikane kwamba hakudanganywa. Alisomewa, akaelewa, akakubali.

Tulihamia Diani tukapanga chumba. Chumba cha mfano kilikubaliwa bila neno, na mzungu mwenyewe alilala humo ili akijaribu. Balaa lilianza na mbao za vyumba vilivyobaki. Zilifika kutoka Mombasa katikati ya vuli, na mume wangu alipoweka kiganja juu yake akatikisa kichwa. Zilikuwa mbichi. Alimwambia karani kwamba ziachwe zikauke mpaka kaskazi ishike, la sivyo milango itarudi, yaani itasinyaa, na kuacha nyufa. Karani akaenda, akarudi na jibu kwamba wageni wanakuja Krismasi na kazi iendelee.

Nilimwambia mume wangu alitake jibu lile kwa maandishi, maana mkataba unasema hivyo. Akaniuliza kama nataka amwandikishe mtu mzima maneno yake kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Kwake yeye ilikuwa ni utovu wa adabu. Adabu, adabu, asubuhi mpaka jioni adabu, na mbao zinatiririka maji. Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana hata mimi nilikuwa nimekwisha kuharakishwa. Kitambaa cha marekani cha mapazia kilitakiwa kilowekwe kwanza kirudi, ndiyo kikatwe, na niliambiwa nikate tu.

Kazi ikaisha, ikakaguliwa. Mzungu alizunguka vyumba vyote na karani nyuma yake, akafungua na kufunga, akasema ni safi. Kwa upande wao mambo yalikuwa yamekwisha hapo, kwa siku ile. Kwetu bado. Kwetu sisi kazi haiishi kwa kukaguliwa, inaisha kwa radhi. Fundi na mwenye nyumba hushikana mikono, kila mmoja akamwomba mwenzake amwie radhi kwa neno baya, kwa kucheleweshana, kwa lolote lililobaki moyoni, na mwenzake hujibu nimekuwia. Baada ya hapo hakuna anayemshika mwenzake kwa jambo la kazi ile. Mume wangu hakuwahi kuondoka kwenye nyumba ya mtu bila hilo, na hakuona kwa nini hoteli iwe tofauti.

Basi alinunua halua, akatafuta dele la kahawa, akafukiza ubani kwenye ule ukumbi mpya uliokuwa ukinuka vanishi. Mimi nilikuwa katika chumba cha mashuka, mlango wa pili, nikipiga pasi mapazia ya mwisho. Nilimsikia karani akimweleza mzungu jambo lile, na alilieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Mzungu akacheka kwa furaha, akampa mume wangu mkono, wakawiana radhi. Kisha mume wangu na karani wakawiana radhi. Kisha wakawaita vibarua waliobeba mbao, mmoja mmoja, nao wakaombwa radhi.

Niliweka pasi chini nikangoja kuitwa. Mapazia ya madirisha yote ya nyumba ile yalipita katika mikono yangu, vidole vyangu vilikuwa vimechomwa na sindano mpaka sikuweza kukanda unga, na usiku niliwapikia wote hao waliokuwa wakilamba halua pale. Nilisikia vikombe vikikusanywa. Nilisikia viatu vya mzungu vikienda zake. Nilipotoka, ukumbini hapakuwa na mtu, na katika dele kulikuwa na kahawa kidogo iliyopoa. Niliinywa nikiwa nimesimama, na tangu hapo nikachemka.

Tukarudi Msambweni. Kaskazi ikaja na jua lake, na ikatokea vile vile alivyosema. Siku moja karani alipiga hodi, akamwamkia mume wangu shikamoo, akaketi, akazunguka sana kabla ya kufika. Milango ilikuwa imerudi. Mgeni akiwa ndani na taa yake, aliyepita nje alimwona kwenye ufa. Na mapazia yalifuliwa mara ya kwanza yakapanda juu ya kizingiti cha dirisha. Muda wa kurekebisha ulikuwa bado upo, alisema, na mzungu anamngoja fundi.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zile zile. Kisha akasema, "Mimi na yeye tuliwiana radhi. Nikirudi kushika mlango ule, nitakuwa nimesema kwamba radhi ile ilikuwa mchezo."

Karani akasema mkataba ni mkataba. Mume wangu akajibu kwamba hakukataa mkataba, ila radhi ilikuja baada yake, na la baadaye ndilo linalofunga. Hapo nikatoka nje, kikohozi au pasipo kikohozi. Nilimwambia karani kwamba yeye ndiye mkosaji wa kwanza. Yule mzungu hakuijua radhi, na mume wangu alijifanya haijui karatasi, lakini yeye alizijua zote mbili, na alikaa pale akanywa kahawa akijua kwamba mmoja anafunga kazi na mwingine ndiyo kwanza anafungua nusu mwaka. Neno moja tu lingetosha. Aseme, fundi, radhi hii ni ya mioyo, milango bado inadaiwa.

"Mimi ni mwajiriwa tu, dada yangu," karani akasema.

Nilimwambia aende zake. Na mume wangu naye sikumwacha. Nilimwambia kwamba mlango hauna dini, hauna baraza, haukuwiwa radhi na mtu, umerudi kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, na aliyeijua kuwa mbichi ni yeye. Akachukua tasbihi yake akaenda msikitini, na haikuwa hata saa ya sala.

Zikapita siku tukila chakula kimoja bila kusemezana. Mwisho nikamwona hana nia, nikafunga cherehani yangu katika kanga, nikapanda lori la mbata nikaenda Diani peke yangu. Niliongeza pindo chini ya kila pazia, kwa kitambaa nilichokiloweka kwanza mbele ya macho yao. Mzungu alikuja kunitazama. Akamuuliza karani mbona mimi nimerudi na fundi hakurudi, kwani si kazi moja.

Nikamwambia karani amweleze hivi: "Wao waliwiana radhi siku ile. Mimi hakuna aliyeniomba, basi kazi yangu ilikuwa bado haijaisha."

Mzungu akauliza swali moja, na ndilo lililoniuma kuliko yote. Je, milango? Nilitazama zile nyufa. Nilitamani nimtetee mume wangu, na nikashindwa, kwa sababu milango ile ilikuwa kazi ya aibu na mkono ulioifanya haukuwa wa aibu. Mzungu akasema kwamba muda ukiisha bila fundi kuonekana, ataita mwingine kutoka Mombasa, na Galu atampa huyo huyo. Nilirudi nyumbani juu ya magunia ya mbata nikilia kwa hasira. Watu wa lorini walidhani nimefiwa.

Nilimkuta mume wangu akipanga zana zake kwenye sanduku. Kwa muda mfupi nikashukuru. Kumbe alikuwa amepata habari ya kazi Tanga, kwa seremala mkubwa wa huko, kazi ya kulipwa kwa siku. Yeye, mwenye karakana yake, alikuwa tayari kwenda kushikishwa msumeno wa mtu mwingine, kuliko kupanda lori la kwenda Diani akaongeze vipande vya mbao kwenye milango yake mwenyewe. Nilimpikia mikate ya kusafiria, maana ni wajibu. Niliiunguza kidogo, na hilo halikuwa bahati mbaya.

Asubuhi alisimama mlangoni, sanduku begani. Msafiri kwetu haondoki bila kuomba radhi kwa wa nyumbani, na yeye wa kuyaacha mambo hayo hakuwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Mke wangu, naondoka. Niwie radhi."

Nilikuwa nimeingoja sentensi ile tangu chumba cha mashuka. Na ilipokuja, ikaja kwa safari ya Tanga, wala si kwa Diani.

"Sikuwii," nikasema. "Kwangu kasoro hurekebishwa kwanza, ndiyo radhi ifuate. Nenda karekebishe milango yako, kisha urudi uniombe."

Mwanamke kumnyima mumewe radhi, naye yuko safarini, ni jambo zito. Uso wake ulibadilika. Angefikwa na lolote njiani, angefikwa nalo akiwa na deni langu shingoni, na aliamini hivyo kuliko alivyoamini karatasi yoyote. Akaenda mpaka barabarani, akaweka sanduku chini. Nilikuwa namwona kutoka kizingitini. Lori la Lunga Lunga, la njia ya Tanga, lilikuja, likasimama, utingo akamwita. Wakasemezana. Lori likaondoka, na yeye alikuwa bado pale pale, amekaa juu ya sanduku lake. Jua lilikuwa limepanda kabisa lilipotokea lori la kwenda Likoni, linalopita Diani, na hilo ndilo alilopanda.

Alirejea kutoka Diani baada ya siku kadhaa na unga wa mbao masikioni. Alikuwa ameivua milango yote, ameiunga pembeni, ameirudisha. Karani alikuja nyuma yake na habari kwamba kazi imekaguliwa na Galu ni yetu. Mume wangu hakungoja hata karani aondoke. Akaniambia, "Nimerekebisha. Sasa niwie radhi."

Nikamwambia kwamba na mimi nina nusu mwaka wangu, na milango ya kaskazi haijaona masika. Karani akatazama chini ili asicheke.

Tulifanya kazi ya Galu. Mbao zilikaushwa kwanza, na safari hii jambo hilo liliandikwa, kwa sababu nilisimama juu ya kichwa chake mpaka likaandikwa. Masika yakanyesha. Kila nilipopata nafasi nilipita kule Diani kwenye ile hoteli, nikaisukuma milango ile mmoja mmoja, ilikuwa imevimba kidogo lakini haukukwama hata mmoja. Ilikuwa kazi nzuri. Mpaka mvua zikaisha sikuwa nimepata cha kulalamikia, na nilikitafuta sana.

Basi siku moja, nikiwa nakuna nazi na yeye amekaa akinoa patasi, niliona muda umetimia. Hapakuwa na ubani wala halua, tulikuwa wawili tu jikoni. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa bibi harusi. Nikamwambia, "Nimekuwia radhi."

Akainua uso kutoka kwenye patasi, akaniuliza, "Radhi ya nini?"

Nikaichukua tena radhi yangu pale pale, nikaendelea kukuna nazi.