Kibao cha Mninga

Roketi ya karatasi haina huruma. Ukikosea pezi moja tu kati ya matatu, vile vibawa vya mkiani, inapinda angani na kukuaibisha mbele ya shule za watu. Mimi ni mwalimu wa fizikia Chang'ombe, na wanafunzi wa klabu yangu walikuwa wanakwenda kushindana kwa mara ya kwanza. Tulihitaji kifaa cha kusimamisha mapezi sawasawa wakati gundi inakauka.

Fundi madirisha wa Buguruni aliniuzia kipande cha aluminiamu chenye kona, cha kulaza ubavuni mwa bomba la roketi ukachora mstari ulionyooka. Kingetosha. Lakini nilikuwa nimeshamwambia baba. Baba ni mchongaji, alikuja mjini kutoka kusini na patasi zake, na tangu nipate akili sijamwona na rula. "Rula yangu mie hii hapa," husema, akigusa kope.

Akanichongea kibao cha mninga: tundu katikati la kupitisha bomba, na mikato mitatu ya kushika mapezi. Kilikuwa kizuri mno. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kwetu kazi ya mkubwa haipimwi mbele yake. Kuipima ni kumtukana.

Nikaenda kuipimia shuleni. Mkato mmoja ulikuwa umekwenda upande, tena si kidogo. Nilipima mara tatu, nikalaumu hata kipimapembe. Kisha nikakumbuka chai aliyoimimina nje ya kikombe, na jinsi alivyogeuza kichwa kizima kumtazama mtu aliyekaa ubavuni pake. Niliogopa, nikanyamaza.

Mapezi tuliyapanga kwa ile aluminiamu. Kule Kibamba kwenye mashindano roketi ikapaa wima, tukawa wa pili. Jioni nikapita kwa baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Imeendaje?"

"Imenyooka."

"Kwa kibao changu?"

"Kwa kibao chako."

Alicheka mpaka akakohoa. Nami, mjinga, nikajiona nimetenda wema.

Tangu siku hiyo, kila nilipomsihi twende hospitali ya macho, jibu lilikuwa lilelile: "Macho gani? Si roketi yako ilinyooka?" Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilikula mwaka mzima, na kila siku ya mwaka huo ningeweza kusema kweli, nikaona haya.

Alipokubali, daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tungewahi, angebaki na kiasi.

Siku hizi baba hushinda barazani na kile kibao, nilichomrudishia, mapajani, akikipapasa. Juzi nilikuwa nachambua mchele kando yake. Kidole chake kikasimama kwenye ule mkato mmoja. Akaupitia tena, taratibu, kisha tena.

"Mwanangu," akasema, "sasa ile roketi ilinyookaje?"