Umeme Mvivu wa Musoma

Nilikuwaga naamini, kuliko hata mahubiri, kwamba umeme wa Musoma unatembea polepole kwa sababu ya ubaridi wa ziwa. Basi osiloskopu niliyojiundia, ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, niliifungia amplifaya ya spika za kwaya, nikaipangia kupima mara arobaini na tano tu kwa sekunde. Umeme mvivu unahitaji zaidi ya hapo ya nini? Kweli, wimbi lilijikokota kama ng'ombe aliyeshiba.

Nikaibeba hadi Bunda kuombea kazi ya ufundi. Huko nako likajikokota.

"Dada, ubaridi umefika mpaka hapa Nyasura!" nilimtangazia fundi mkuu.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, umeme unapiga mawimbi hamsini kwa sekunde, huko na huku. Wewe unapima mara chache, mengi yanakupita, na machache unayoyadaka yanaonekana kama wimbi moja la polepole. Pima mara elfu, halafu uje tuongee kazi."