Picha ya Bibi na Plastiki Moja

Jambo la kwanza tulilofundishwa kwenye shule ya uchoraji huko Kasongo ni kwamba rangi ya akriliki ikishakauka haiogopi mvua, lakini rangi ya maji, hata ikae mwaka mzima, inaharibika ikilowa. Niliandika hivyo kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

Siku ya kurudi nyumbani Kabambare kwa likizo nilikuwa na plastiki moja tu. Nilifunikia picha zangu tatu za akriliki, kwa sababu rangi yake ni ghali na darasani zilisifiwa sana. Picha ya rangi ya maji niliizungushia kitenge. Ilikuwa ya bibi, mama yake mama, akipepeta mchele. Nilimchora muda mfupi kabla hajafa, na hakuwahi kupigwa picha. Mama alikuwa anaingojea.

Mvua ilitukuta, mimi na dereva wa pikipiki, karibu na Wamaza. Pikipiki ilizama kwenye tope, tukaisukuma hadi nguo zikatuganda mwilini.

Nyumbani nilifungua mzigo mbele ya mama. Akriliki zilitoka kavu, zinang'aa. Kwenye karatasi ya bibi palibaki doa la kahawia. Kama nisingejua, ningejisamehe. Lakini nilijua.

"Mama yangu iko wapi?" mama aliuliza.

Nilimnyooshea karatasi. Hakunigombeza. Aliichukua karatasi ile, akatoka nayo uani mvua ilipokatika, akaianika kwenye kamba katikati ya nguo zangu, akaketi kungoja ikauke.